Riwaya Yetu na Kipande cha Shangazi



Jumapili ya Familia Takatifu, tarehe 31 Desemba 2023, riwaya yetu ya kwanza ilipigwa mnada uwanjani baada ya Misa, kati ya mkungu wa ndizi na jogoo mwekundu. Wanaoijua Kilimanjaro ya Desemba wataelewa. Wiki hizo mbili watu wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wamerudi mlimani, magari yamejaa barabara ya Himo hadi Marangu, kanisa linafurika mpaka nje, na vitu vilivyotolewa kama sadaka vinauzwa kwa kelele na vicheko. Katekista alikiinua kitabu juu, akakigeuza mbele na nyuma kama anayekagua uzito wa kuku, akasema, "Hiki kimeandikwa na watoto wetu wenyewe. Tunaanza na elfu tano." Kiliishia elfu arobaini. Aliyekinunua akakirudisha papo hapo kipigwe mnada tena, kama ilivyo desturi, na safari ya pili kikaenda kwa elfu ishirini na tano.

Jogoo alitushinda. Yeye alifika elfu sitini.

Tangu siku hiyo mafrateri kadhaa wametuuliza tuliwezaje kuchapa kitabu kwa fedha zetu wenyewe, na tunajua baadhi yao wana miswada yao kwenye masanduku chini ya vitanda. Swali la fedha tutalijibu, maana ni halali. Lakini si fedha iliyotuchelewesha miaka 14, ingawa kwa muda mrefu tulidhani hivyo, au tulisema hivyo.

Sisi ni wawili, kaka na dada, wazaliwa wa Kilema. Mmoja wetu alisoma seminari ndogo akaondoka kabla ya kufika falsafa. Mwingine anafundisha shule ya msingi. Tulianza kuandika mwaka 2006, masika, baba akishalala, kwa taa ya chemli. Mmoja aliandika, mwingine alisoma kwa sauti ya chini na kukata. Tuligombana sana juu ya mahali pa kuweka nukta. Mwaka 2009 tulikuwa na kaunta buku nne zilizojaa, tukazipeleka mjini Moshi kwenye duka la steshenari karibu na stendi ya mabasi, shilingi mia tano kwa ukurasa. Msichana aliyekuwa akichapa ndiye msomaji wetu wa kwanza. Siku ya tatu alisimamisha vidole akatuuliza, "Huyu mama mwisho wake anarudishiwa shamba lake, au harudishiwi?" Tulimwambia aendelee tu kuchapa, atafika.

Mwaka 2010 tulituma mswada kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Ulikaa miaka minne. Jibu lilikuwa nusu ukurasa, lenye adabu: hadithi inavutia, ila riwaya ambayo haimo katika orodha ya vitabu vya shule haina soko. Mchapishaji wa pili hakujibu kabisa. Basi mwaka 2014 ulipokwisha hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa ameshika mswada wetu. Ulikuwa kabatini, kwetu, ndani ya bahasha ya kaki. Na hapo ulikaa miaka tisa mingine.

Katika miaka hiyo tulikuwa na kinga yetu. Kila aliyetuuliza kitabu kiko wapi tulimjibu kwa jina la Aniceti Kitereza.

Kwa wasiomjua: Kitereza alizaliwa kisiwani Ukerewe mwaka 1896, akasoma misioni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, ng'ambo ya pili ya ziwa. Hakufikia upadre. Alirudi kwao, akaoa, akafanya kazi misioni, na pamoja na mkewe Anna wakazika watoto wao. Halafu akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaopendana na kuhangaika kupata mtoto, huku ndugu wakiwavuta kila upande. Aliimaliza mwaka 1945. Padre Simard, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alimtia moyo, tena akajitahidi kuigeuza Kifaransa ili ipate njia ya kutoka; akafariki kazi haijafika mwisho. Kikerewe, machoni pa wachapishaji, kilikuwa na wasomaji wachache mno. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuwa Ukerewe kwa utafiti wa historia, walimhimiza aitafsiri kwa Kiswahili. Mzee wa zaidi ya miaka 70, viungo vikimuuma, akaitafsiri mwenyewe yote. Tanzania Publishing House ikaitoa kwa juzuu mbili, na mwaka ulioandikwa ndani ni 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala za kitabu chake zikiwa hazijamfikia.

Miaka 35. Baadaye ilitafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa, na mwaka 2002 kwa Kiingereza, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe. Kezilahabi pia ni wa huko huko, tena alipita seminari ya Nyegezi kabla ya kutoa Rosa Mistika mwaka 1971 na kuona kitabu kikikatazwa mashuleni. Hatujui Ukerewe wanakunywa maji gani.

Basi tulikuwa tukisema: kama Kitereza alisubiri miaka 35, sisi na kumi yetu ni nani? Maneno hayo yalitufariji, na watu waliyapenda. Kwenye harusi moja mjomba alituombea makofi kwa ajili ya uvumilivu wetu. Tukapigiwa makofi, tukanywa mbege, tukarudi nyumbani, na bahasha ikabaki kabatini.

Mwaka 2019 paroko msaidizi mmoja, rafiki wa familia, aliuomba mswada ausome wakati wa likizo yake. Aliurudisha baada ya wiki mbili. Hakuanza na sifa. Aliuliza, "Huyu mama wa kitabuni, yu hai?"

Tukasema yu hai.

"Amekisoma?"

Hapo inabidi tueleze riwaya yenyewe inahusu nini. Inahusu mwanamke aliyefunga ndoa kanisani, akakaa na mume miaka kadhaa bila mtoto, na watu wa upande wa mume wakamrudisha kwao. Baba yake akamkatia kipande cha kihamba, pembeni, chini ya mfereji, akamwambia kwa mdomo tu: hapa ni pako. Baba alipokufa, ndugu wa kiume wakakaa kikao, wakasema mwanamke hana kihamba kwao, kipande kikaenda kwa kitindamimba. Katika riwaya, mwishoni, mtoto wa yule kitindamimba anaugundua ukweli na kumrudishia shangazi yake ardhi. Ni mwisho mzuri. Tuliulilia wenyewe tulipouandika.

Yule kitindamimba ni baba yetu. Shangazi ni shangazi yetu kabisa, aliyerudishwa mwaka 1976 na kufukuzwa mwaka 1985, tukiwa watoto. Kile kipande tumekichezea. Miche ya kahawa iliyokuwa pale aliipanda yeye, na sisi watu wa Kilema tunajisifu kwa kahawa, kwa kuwa wamisionari waliipanda hapa misioni tangu karne ya 19. Kahawa ya kipande kile ndiyo iliyomlipia ada mmoja wetu seminarini kuanzia mwaka 1990. Alikuwa akiipalilia wakati wa likizo bila kujua ni ya nani. Au, tukisema kweli yote, akijua kidogo.

Baba alifariki mwaka 2011. Kihamba kikashuka kwetu, maana yake kwa mmoja wetu, yule wa kiume. Bahasha ilipokuwa kabatini ilikuwa kwenye nyumba iliyo hatua sitini kutoka kwenye kipande chenyewe.

Kwa hiyo sisi na Kitereza hatukuwa na jambo moja. Yeye alifanya kila kilichokuwa katika uwezo wake: aliandika, akatoa mswada mikononi mwake, akafasiri upya uzeeni. Waliomchelewesha walikuwa wengine. Sisi baada ya 2014 hatukucheleweshwa na mtu. Vitabu vya kujichapia si ajabu nchini mwetu. Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake ya Heko na kutoa humo riwaya zilizosomwa hadi kuchakaa. Hata Marcel Proust, huko Ufaransa, alilipa gharama za uchapishaji wa juzuu ya kwanza ya riwaya yake mwaka 1913. Njia tuliiona. Tulichokiogopa ni siku mtu wa ukoo atakapofungua ukurasa wa kwanza na kusema, "Lakini huyu si…"

Tulikwenda kwa shangazi Jumamosi iliyofuata. Alikuwa akikaa chumba cha kupanga mjini Moshi, anauza ndizi sokoni Mbuyuni, umri umeshapita miaka 70 na macho yamefifia. Tulibeba jani la isale. Mchagga akipelekewa isale anajua mtu amekuja kuomba radhi, hata kabla hajasema kosa. Alilipokea, akaliweka juu ya redio, akauliza, "Wanangu, nani amekufa?"

Tulimsomea kitabu kwa Jumamosi tano. Alisikiliza akichambua maharage. Alicheka mahali ambapo hatukutegemea, hasa tulipoeleza mapishi ya wifi yake. Sura ya kufukuzwa tuliiandika kwa mbwembwe: mvua inanyesha, mama anatembea gizani, analia. Alitusimamisha. "Siku ile jua lilikuwa kali. Na sikulia. Nililia nilipofika Himo, ndani ya gari, mpaka yule utingo akakataa kuchukua nauli yangu." Tulikuwa tumefanya kazi ile sura miezi minne. Tuliiandika upya jioni moja, na ndiyo sura ambayo wasomaji wanaitaja zaidi.

Jumamosi ya tano tulimsomea mwisho, ule mzuri. Alinyamaza. Maharage yalikuwa yamekwisha. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Asanteni. Humo kitabuni mmenirudishia shamba. Na huku nje je?"

Tungependa kuandika kwamba tulilirudisha wiki ile ile. Tulikaa karibu miaka mitatu. Kulikuwa na sababu, na zote zilikuwa na sura ya kweli: korona, baba mkubwa aliyesema mambo ya wafu yasifukuliwe, binamu aliyehofia kila shangazi wa ukoo atakuja na dai lake. Sheria haikuwa tatizo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mwenyekiti wa kijiji anaijua. Tatizo lilikuwa kwamba sisi wawili tulianza kutoelewana. Mmoja aliona ni lazima. Mwingine, ambaye jina lake ndilo lililokuwa kwenye kihamba, alisema kipande ni kidogo, kina miche 112, na watoto wake nao wanasoma. Kwa miezi kadhaa tulizungumza kwa kupitia mama. Wawili walioandika pamoja juu ya dhuluma ya ardhi wakanuniana kwa ardhi ile ile. Tunalisema kwa kuwa mafrateri mnaotuuliza juu ya uandishi mtakuja kuhubiri, na kuhubiri kuna hatari hiyo hiyo.

Aliyelegeza si kwa hoja. Alikuwa akiikata kahawa iliyozeeka, akakuta shina moja limefungwa waya wa zamani ulioingia ndani ya gome, wa kuegemezea mche usianguke. Akauliza mama nani aliufunga. Mama akamjibu.

Agosti 2022 kikao cha ukoo kilikaa chini ya mti wa parachichi, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, muhtasari ukaandikwa na kutiwa saini. Mpaka ulipandwa masale, kama ilivyo mipaka yote huku kwetu. Shangazi hakutaka kuhamia. Alisema baridi ya mlimani sasa inamshinda. Alichouliza kwanza ni kama atazikwa pale. Alipoambiwa ndiyo, akauliza bei ya miche ya migomba.

Sasa, ndugu zetu, mambo ya uchapaji, ambayo yalichukua miezi minane tu.

Namba ya ISBN mnaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kitabu kikitoka mnapeleka nakala za kuhifadhiwa. Msiiache hatua hiyo, bila namba duka la vitabu halikupokei. Mtafuteni mtu mwingine asome mswada kabla ya kuupanga. Sisi tulijiamini, na riwaya yetu ina Sura ya Saba mbili. Kosa ni letu, mtambo ulichapa tulichoupa. Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni hesabu ya 16. Kurasa huchapwa kwenye karatasi kubwa ambayo ikikunjwa inatoa kurasa 16, kwa hiyo mnalipia mafungu ya 16. Kitabu chetu kilikuwa na kurasa 197. Ama tulipie 208 zikiwamo tupu 11, ama tukate kurasa tano tubaki na 192. Tuligombana juu ya kurasa tano siku mbili nzima, kwa furaha, kama zamani. Zilizokatwa zilieleza jinsi mbege inavyopikwa, tangu ulezi hadi kibuyu. Mwandishi wake anasema zilikuwa bora kuliko zote. Hakuna msomaji aliyeziulizia.

Nakala 300 zilitugharimu shilingi 6,500 kila moja, jumla 1,950,000, na jalada laki moja juu. Nusu ilitoka mfukoni, nusu mkopo wa SACCOS uliomalizika mwaka uliofuata. Tunauza elfu kumi. Msichape nakala elfu moja kwa sababu tu bei ya moja inashuka; mtazilalia. Na chapeni Novemba. Mwezi wa Desemba mlima mzima unarudi nyumbani na fedha kidogo mfukoni, Januari mfuko ni wa ada za shule, na hakuna mzazi atakayewasikiliza. Nasi tulibeba maboksi mgongoni, kigango hadi kigango, tukiomba ruhusa ya paroko kwanza. Wawili walikataa, na walikuwa na haki yao. Zimebaki nakala 69. Ziko kwenye lile kabati.

Baba mkubwa alinunua yake kwa bei kamili, hakutaka punguzo, na hajatuambia neno mpaka leo. Binamu yetu anasema ameiona iko kitandani kwake, imefunguliwa na kulazwa kifudifudi. Siku ya Desemba ile hakuja kanisani.

Mkungu uliotangulia kitabu mnadani ulikuwa wa shangazi, mshare wa kwanza kutoka kwenye kipande chake. Yeye mwenyewe alikaa benchi la nje pamoja na akina mama wa WAWATA, hakusimama, na hakuna aliyemtaja.

Nakala yake ameifunika kwa gazeti, kama tulivyokuwa tukifunika madaftari ya shule. Hawezi kuisoma, kwa hiyo tukipita Jumamosi anataka kusomewa, na mara nyingi ni ile sura ya Himo. Juzi tulipofika kwa utingo alituinulia mkono tusimame. Jina la yule kijana, alisema, amelikumbuka. Tumeliandika pembeni mwa ukurasa, kwa penseli.